Soko lilikuwa Mkunazini, utumwa ulikuwa shambani

Wanafunzi wanaoletwa Mkunazini kuona mahali palipokuwa soko la watumwa la Unguja huuliza swali moja karibu kila ziara: "Wakishanunuliwa, walikuwa wanapelekwa wapi?" Kabla sijafungua kinywa, mwenzao mmoja huwa ameshajibu. Uarabuni. Mwingine atadakia Marekani. Mimi huwaambia wageuke wote watazame kaskazini, upande wa barabara ya Bububu. Wengi walikwenda huko: Mtoni, Kizimbani na mashamba ya ndani, au walipakiwa tena majahazini wakavushwa Pemba. Safari iliyoanzia karibu na Ziwa Nyasa, ikapita Kilwa na kuvuka bahari, mara nyingi iliishia chini ya mkarafuu, mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka sokoni.

Kazi yangu ni elimu ya makumbusho, na nimeona jinsi soko linavyoimeza habari nzima. Soko lina tarehe ya kufungwa, lina kanisa lililojengwa mahali pake, lina sanamu za watu watano waliofungwa minyororo ndani ya shimo. Mgeni anapiga picha, anaondoka akiamini ameuona utumwa. Shamba halina sanamu. Ukifika Kizimbani leo utakuta miti, kivuli kizuri, na watalii wanaonusishwa gome la mdalasini. Lakini mtu alikaa sokoni siku chache tu, na shambani alikaa umri wake wote. Ndiyo maana leo nataka tuliache soko, twende shamba.

Mti uliotaka watu

Mkarafuu si mti wa kwetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo, ambako Waholanzi waliulinda kwa wivu mkubwa hadi Wafaransa walipofaulu kutorosha miche na kuipeleka Mauritius mnamo mwaka 1770. Kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa karafuu ilifika Unguja katika miaka ya 1810, na anayetajwa zaidi kuwa ndiye aliyeileta ni Saleh bin Haramil al-Abri, mfanyabiashara wa Kiomani. Hakuifaidi kwa muda mrefu. Alikosana na Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, na mashamba yake yakaishia mikononi mwa mtawala huyo.

Seyyid Said aliona mapema kile ambacho wengine walichelewa kukiona. Kabla hajahamishia makao yake Unguja, jambo lililokamilika mnamo 1840, alikuwa ameshaigeuza Mtoni na Kizimbani kuwa mashamba ya karafuu. Inasimuliwa kwamba aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na asiyetii anyang'anywe ardhi. Amri iwe ilitekelezwa kwa ukali huo au la, watu walifyeka misitu na hata minazi ili kupanda karafuu, na kufika katikati ya karne ya 19 Unguja na Pemba ndizo zilizolisha sehemu kubwa ya soko la dunia.

Ili kuelewa kwa nini mti huu ulidai watu wengi kiasi kile, inabidi umwone mtu akiuchuma. Mche ukishashika hukaa miaka sita au saba kabla haujatoa mavuno ya maana, na muda wote huo lazima magugu yang'olewe, la sivyo unasongwa. Ukianza kuzaa, hauzai kwa kukungoja. Kinachochumwa ni kitumba cha ua kabla hakijafunguka, kikiwa kimeanza kugeuka kutoka kijani kwenda wekundu. Ukiwahi, karafuu ni changa. Ukichelewa siku chache, ua limefunguka na thamani imekwenda. Vitumba vya mti mmoja haviivi pamoja, kwa hiyo mti uleule hupandwa mara kadhaa katika msimu mmoja. Mchumaji hupanda, hujishikiza kwenye shina kwa mguu mmoja, huvuta tawi kwa taratibu na kulifunga kwa kamba, halafu huvunja kishada kwa kidole gumba. Tawi halitakiwi kuvunjika, maana mkarafuu una matawi mepesi na tawi lililovunjika leo halizai mwakani. Jioni kishada huchambuliwa: karafuu upande huu, makonyo, yaani vikonyo vyake, upande ule. Kesho yake huanikwa kwenye majamvi chini ya jua kali, siku baada ya siku, na mtu mmoja macho yake yako mawinguni, kwa sababu mvua moja ikizikuta nje zinaanza kuoza.

Hakuna mashine katika kazi yote hiyo, na hadi leo mchumaji hulipwa kwa pishi. Weka sasa maelfu ya miti inayoiva kwa wakati mmoja, katika kisiwa chenye wakazi wachache waliokuwa na mashamba yao na bahari yao ya kuvua, wasiokuwa na sababu ya kupanda mti wa mtu mwingine. Wenye mashamba walitaka mikono mingi, ya bei rahisi, isiyoweza kusema hapana wakati wa msimu. Jibu lao lilikuwa utumwa.

Mkataba uliokuza kile ulichokusudia kukipunguza

Biashara ya kuuza watu pwani yetu ni ya kale kuliko karafuu. Wafaransa wa Mauritius na Réunion walikuwa wakinunua Kilwa tangu karne ya 18 kwa ajili ya mashamba yao ya miwa. Mwaka 1822 Waingereza walimwekesha Seyyid Said saini kwenye mkataba unaojulikana kwa jina la Moresby, uliokataza kuwauzia Wakristo watumwa. Mlango wa kusini ukabanwa. Mwaka 1845 ukaja mkataba mwingine, wa Hamerton, ulioanza kutumika 1847, uliokataza kuwatoa watumwa nje ya milki za Seyyid za Afrika Mashariki. Mlango wa kaskazini, wa kwenda Uarabuni, nao ukabanwa, angalau kwenye karatasi. Lakini kutoka Kilwa hadi Lamu, visiwa vikiwemo, ruhusa ilibaki.

Fikiria kama mfanyabiashara wa wakati ule. Mtu huruhusiwi kumpeleka ng'ambo, lakini karafuu unaruhusiwa, tena unakaribishwa. Basi unamweka mtu hapahapa, anachuma, unasafirisha alichokichuma. Wanahistoria wa Zanzibar wameliandika hili kwa kirefu, na mimi nalitilia mkazo kila ninapopata nafasi: kubanwa kwa biashara ya nje kulisaidia kuujaza utumwa ndani ya visiwa. Katika miaka ya 1860, takribani watu 15,000 hadi 20,000 kwa mwaka walipita bandari ya Unguja, na sehemu kubwa yao hawakwenda mbali na Afrika Mashariki.

Na shamba liliendelea kuwahitaji wapya, kwa sababu lilikuwa likiwala wale wa zamani. Watu walifika wamechoka, wamekonda, wakiwa hawana kinga ya maradhi ya pwani. Watoto waliozaliwa walikuwa wachache. Mwenye shamba asiyenunua wengine angeona nguvukazi yake inapungua mwaka hadi mwaka.

Walipatikanaje huko bara? Vita na uvamizi, ndiyo, lakini pia deni na njaa. Kuna habari za msichana wa Kiyao aitwaye Swema, zilizoandikwa na wamisionari Wakatoliki baada ya yeye kufikishwa kwao Unguja mnamo 1865. Mama yake alikuwa amekopa nafaka akashindwa kulipa, na mtoto akachukuliwa kwa deni hilo. Mama alifuata msafara kwa miguu ili asitengane naye, akafa njiani. Swema alipofika Unguja alikuwa mahututi, akazikwa juujuu akiwa bado anapumua, akaokolewa na mpita njia. Habari hizi zilipita kwenye kalamu ya wamisionari waliokuwa na hoja yao, kwa hiyo nazisoma kwa uangalifu. Lakini kisa cha deni la nafaka hakinishangazi. Hata katikati ya miaka ya 1880, njaa ilipowapiga Wamijikenda nyuma ya Mombasa na Malindi, familia ziliweka rehani watoto wao pwani ili wengine wale.

Nguo ya Merikani

Hapa niruhusu nichepuke kidogo. Waamerika walifunga mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833, na meli kutoka Salem, Massachusetts, zikaanza kuja kwa wingi kuchukua pembe za ndovu, sandarusi (utomvu mgumu wa mti) na karafuu. Walicholeta zaidi ni kitambaa kigumu cha pamba, ambacho watu wa pwani walikiita merikani, jina lililobaki hadi leo madukani. Kilivaliwa sana na watumwa wa kiume, na kilitumika bara kama fedha: misafara ilikibeba ikarudi na pembe, na mara nyingine na watu.

Pamba ya kitambaa hicho ilitoka wapi? Viwanda vya Massachusetts vilisokota pamba ya majimbo ya kusini mwa Marekani, iliyochumwa na watumwa wa Kiafrika katika mashamba makubwa. Mtumwa wa Kizimbani, basi, alijifunga kiunoni jasho la mtumwa wa Alabama au Mississippi, na hakuna kati yao aliyejua kwamba mwenzake yupo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza 1861, merikani iliadimika sokoni Unguja. Nikiwaonyesha wanafunzi kipande cha merikani huwa kimya kuliko wanapoonyeshwa mnyororo.

Fedha yenyewe mara nyingi haikuwa ya mwenye shamba. Mabwana wengi wa Kiomani na Kiswahili walikuwa na ardhi, watu na heshima, lakini riali za kununulia watumwa walikopa kwa wafanyabiashara Wahindi, na rehani ilikuwa shamba pamoja na watu wake. Nyumba ya Jairam Shivji, iliyokodi haki ya kukusanya ushuru wa forodha wa Unguja kwa miongo mingi, ilimkopesha hata Seyyid. Karafuu zilipozidi sokoni bei ikaporomoka kuanzia miaka ya 1840, na deni halikuporomoka nayo. Bwana aliyepanda farasi mbele ya watu wake angeweza kuwa, kwenye daftari la mkopeshaji, mtu asiye na kitu.

Siku ya shamba

Shamba kubwa lilikuwa na ngazi zake. Juu kabisa bwana, ambaye mara nyingi alikaa mjini na kufika msimu wa mavuno. Chini yake msimamizi, aliyeweza kuwa mtu huru. Kisha nokoa, mtumwa aliyepewa mamlaka juu ya watumwa, na msaidizi wake kadamu. Nokoa ndiye aliyegawa kazi alfajiri, ndiye aliyejua nani mgonjwa kweli na nani anajifanya, ndiye aliyepiga. Wanafunzi huniuliza iweje mtumwa amchape mtumwa mwenzake. Jibu ni kwamba mfumo usingekwenda wiki moja bila yeye. Baadhi ya watumwa waliopanda ngazi hata walinunua watumwa wao wenyewe.

Kazi ya mashamba ya nafaka, hasa Malindi na Mambrui, ilipimwa kwa ngwe: kipande cha ardhi kilichopimwa kwa kamba, na kila mtu anamaliza chake. Malindi ilikuwa karibu imekufa mwanzoni mwa karne ya 19. Utumwa ndio uliofufua mji huo, ukiwa unapeleka mtama na ufuta Arabuni. Pangani yalikuwa mashamba ya miwa, ambako Abushiri bin Salim al-Harthi, yule aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, alikuwa mmoja wa wenye mashamba. Huwa nasema hivi bila kumvunjia heshima: mtu aweza kupigana na mkoloni na bado shamba lake linalimwa na watumwa.

Unguja na Pemba kawaida ilikuwa siku tano za kazi ya bwana, na Alhamisi na Ijumaa mtumwa alishughulikia kipande chake cha mihogo, mtama au viazi vitamu. Wengi husikia hivyo wakasema, basi haikuwa mbaya. Tuhesabu vizuri. Kipande kile ndicho kilichomlisha yeye na wanawe, kwa hiyo bwana aliondokewa na gharama ya chakula. Na msimu wa karafuu ukifika siku za mapumziko zilimezwa, ingawa mara nyingine kwa ujira mdogo.

Ujira huo umetuachia neno. Mabwana wa mjini waliwakodisha watumwa wao kwa wafanyabiashara ili wabebe mizigo, wachambue sandarusi, wapasue mawe. Aliyefanya kazi ya siku alipewa kijikaratasi, kibarua, yaani barua ndogo, akionyeshe alipwe, na sehemu nzuri ya malipo akamkabidhi bwana. Leo tunasema "natafuta kibarua" bila kujua kwamba karatasi ile ilianza mikononi mwa mtu asiyemiliki mikono yake.

Kuwa mtu, kuwa mwungwana

Utumwa wa mashamba haukukaa shambani. Uliamua nani avae nini, aitwe nani, asimame wapi. Aliyetoka bara karibuni aliitwa mjinga, maana yake mgeni asiyejua lugha wala desturi. Aliyezaliwa pwani, mzalia, alijiona bora kuliko yeye. Juu yao wote alisimama mwungwana, mtu huru. Tunapomsifu mtu leo kwa uungwana tunasifu adabu, lakini zamani neno hilo lilikuwa kwanza cheo cha kisheria. Methali ya "mwungwana akivuliwa nguo huchutama" ilisemwa katika jamii ambamo nguo ilionyesha hadharani nani ni nani. Mtumwa wa kiume hakutarajiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana. Mwanamke mtumwa alijifunga kaniki, kitambaa cheusi cha nili, kichwa wazi. Majina nayo yalipachikwa: Mabruki, Feruzi, Zafarani, majina ya baraka, ya vito na ya manukato, kama mtu anavyokipa jina kitu chake anachokipenda.

Wakati mwingine hata jina halikujificha. Bingwa wa taarab Siti binti Saad alizaliwa Fumba mnamo 1880, wazazi wake wakiwa watumwa, na jina alilopewa ni Mtumwa. "Siti" alikuja kuitwa ukubwani, alipokuwa ameshapata sifa mjini. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na kurekodi santuri, na sauti ya Mtumwa binti Saad ikauzwa pwani nzima.

Ndani ya nyumba kulikuwa na suria. Sheria ilimruhusu bwana kumweka mjakazi kuwa suria, na mtoto wao alizaliwa huru, akarithi sawa na mtoto wa mke. Bwana akifa, suria aliyemzalia akawa huru. Seyyid Said alipofariki 1856, watoto wote aliowaacha walikuwa wa masuria. Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni 1844 na baadaye kujulikana Ujerumani kama Emily Ruete, mama yake alikuwa suria kutoka Kaukazi. Hapa ndipo mlinganisho na Marekani unapokwama, kwa maana kule mtoto wa mtumwa alibaki mtumwa, hata baba akiwa bwana mwenyewe. Lakini kutokana na hilo, watu wengi, wakiwemo wasomi, hurukia kusema utumwa wa pwani ulikuwa wa upole. Upole upi? Suria hakuulizwa kama anataka. Na suria wa jumba la Mtoni na mwanamke anayechambua makonyo Pemba usiku wa manane waliishi dunia mbili. Nyumba ya mjini ilionekana na wageni walioandika vitabu, shamba la Pemba halikuonekana.

Jambo jingine la kusema waziwazi: wenye watumwa hawakuwa Waarabu peke yao. Waswahili wa Mombasa, Malindi na Pemba walikuwa nao, wakubwa kwa wadogo, na wafanyabiashara Wahindi walifaidika kupitia mikopo. Najua historia hii imetumiwa kwenye majukwaa ya siasa kwa miongo mingi, kila upande ukichukua kipande kinachoufaa. Makumbusho hayana budi kuonyesha vyote.

Na wenyeji wa Unguja? Wahadimu na Watumbatu hawakufanywa watumwa wa karafuu, lakini shamba liliwafikia kwa njia nyingine. Ardhi nene ya magharibi na kaskazini ilichukuliwa kidogo kidogo, wakabaki na ardhi ya mawe ya mashariki na kusini, kuelekea Makunduchi. Ramani ya umaskini wa Unguja ya karne ya 20 kwa kiasi kikubwa ni ramani ya mkarafuu: palipoota vizuri, mwenyeji hakubaki.

Waliokataa

Kutoroka kulikuwa kwa kila siku. Pemba na Unguja ni visiwa, kwa hiyo mtoro alijificha au aliiba ngalawa. Bara kulikuwa na nafasi zaidi. Watoro wa Malindi na Mombasa walijenga vijiji vyao nyuma ya pwani, kama Fuladoyo, wakalima, wakajihami kwa silaha. Wengine walikwenda Witu, karibu na Lamu, ambako Sultani Ahmed, aliyeitwa Simba, aliwapokea kwa kuwa alihitaji askari na wakulima. Wengine walikimbilia misheni ya Rabai. Mabwana walikuja kuwadai, na mwaka 1888 mvutano ulifika mahali pabaya. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ikaona ni nafuu kuwalipa mabwana fidia, na mwanzoni mwa 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Wale walikuwa wameshajiweka huru kwa miguu yao, na fidia ikaenda kwa mwenye kukimbiwa.

Sheria bila shamba

Mwezi Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na kuanzia hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu, hadi leo. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, chini ya tishio la manowari za Kiingereza, alipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kulifunga soko la Mkunazini. Sasa tazama tarehe hizo mbili kwa pamoja. Pemba inataka watu kuliko wakati wowote, na njia ya kuwaleta imefungwa. Matokeo yalikuwa magendo: majahazi ya usiku, vichochoro vya mikoko, ufyatuaji risasi. Mwaka 1881 nahodha Brownrigg wa manowari ya Kiingereza iitwayo London aliuawa akijaribu kulikagua jahazi lenye watumwa karibu na Pemba.

Kwa hiyo kufungwa kwa soko hakukumwacha huru mtu hata mmoja aliyekuwa shambani. Alibaki mtumwa kihalali kwa miaka 24 zaidi, hadi tarehe 6 Aprili 1897, Seyyid Hamoud bin Mohammed alipotia saini amri ya kufuta hali ya utumwa kisheria. Pwani ya Kenya ilingoja hadi 1907. Masuria wa Unguja na Pemba waliachwa nje ya amri hadi 1909, kwa kisingizio cha kutovuruga nyumba za watu. Tanganyika ilifikia hapo 1922.

Amri ya 1897 inastahili kusomwa polepole. Haikusema kila mtumwa yu huru kuanzia leo. Ilisema anayetaka uhuru aende mahakamani akaudai, na bwana alipwe fidia. Aliyeachwa huru alitakiwa aonyeshe ana makazi na njia ya kujipatia riziki, asije akahesabiwa mzururaji. Makazi yapi, mtu aliyezaliwa kwenye shamba la bwana? Maofisa wa Kiingereza walitaka uhuru, lakini walitaka zaidi karafuu isipungue, kwa kuwa ushuru wa karafuu ndio uliokuwa nguzo ya hazina. Wengi walisukumwa kwenye mikataba ya kukaa palepale na kumfanyia bwana kazi siku kadhaa za wiki, malipo yakiwa kibanda na kipande cha kulima. Wengi zaidi hawakwenda mahakamani kabisa. Walihamia Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe, wakafanya kazi za mjini. Wanawake waliachana na kaniki wakanunua kanga zenye rangi, na kuanzia miaka ya mwisho ya karne ya 19 kanga ikawa vazi la pwani nzima. Bidhaa chache za dukani zimebeba historia kama ile doti moja.

Waliobaki mashambani waliishi kwa makubaliano yasiyoandikwa. Waliruhusiwa kujenga na kulima, na badala yake walipalilia chini ya miti na kuonekana msimu wa mavuno. Kilichokatazwa ni kimoja: kupanda mti wa kudumu. Pwani, mti na ardhi vyaweza kuwa na wamiliki wawili tofauti, na aliyepanda mnazi au mkarafuu ana dai juu yake hata kwenye shamba la mwingine. Kwa hiyo mjukuu wa mtumwa aliweza kupanda muhogo, mahindi, maharage, chochote kinachong'oka baada ya msimu. Wakati wa ushindani wa vyama mwishoni mwa miaka ya 1950, wenye mashamba waliwafukuza baadhi ya wakulima hao kwa sababu ya kadi ya chama walichokipigia kura, na hawakuwa na kitu cha kuonyesha kwamba walikuwa wamekaa pale vizazi vitatu. Hakukuwa na hata mti.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalipotaifisha ardhi, mashamba yalikatwa na kuanzia 1965 familia zikagawiwa eka tatu tatu, mikarafuu na minazi ikiwa imo ndani. Ardhi yenyewe ilibaki mali ya serikali. Waliopewa waliambiwa wachume, na mkarafuu ukifa, wapande mwingine.